Koti la Marehemu

Kovu ni laghai. Likishakauka na ngozi ikajifunga juu yake, mwenyewe huwaonyesha wageni huku akicheka, akasimulia alivyoanguka na damu ilivyomtoka, utadhani anasimulia ya jirani. Wanaomsikiliza nao humpiga kofi la mgongo wakamwambia, “Ama wewe ni jabali!” Hawajui kuwa chini ya ngozi ile ing'aayo mna kitu ambacho hakijawahi kulala usingizi. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia onyo fupi kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Onyo hilo alilisikia tangu utotoni, na darasani akaliandika kwa mwandiko mzuri, mwanamke mmoja mshonaji ambaye watu wote wa kwao walimwita Fundi. Alilijua vizuri sana, na siku lilipohitajika akalisahau.

Fundi aliolewa akiwa mtu mzima, cherehani yake ikiwa na wateja wa kutosha na jina lake likiwa halina doa. Aliyemposa alikuwa mtu wa kwao aliyehamia nchi ya mbali, nchi ambayo nusu ya mwaka jua lake ni la kutazama tu, halipashi mtu joto. Bwana huyo alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tena alikuwa mgane, kwani mkewe wa kwanza alifariki kwa maradhi ya kifua akamwachia binti mmoja. Watu walipomwona alivyokuja kuposa na vichekesho vyake, akiwavunja mbavu wazee na vijana, walimnong'oneza Fundi, “Usiwe na wasiwasi. Huyu alishalia akamaliza. Amepoa kabisa.” Fundi naye akaamini. Akamwachia dada yake cherehani, akapanda ndege.

Alichokikuta huko hakikuwa ubaya, na afadhali kingekuwa ubaya, maana ubaya angalau mtu huujibu. Alikuta kimya. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, ina korido nyembamba na madirisha yasiyofunguliwa kwa sababu ya baridi. Mumewe alitoka alfajiri kwenda zamu, binti akaenda shule, Fundi akabaki na bomba la joto lililokuwa likigugumia chini ya dirisha. Majirani walipokutana naye kwenye ngazi walimtikisia kichwa na kupita. Ikafika hatua akawa anajibizana na jokofu, likinguruma huliambia, “Na wewe una nini leo, mwenzangu?” Kisha hujicheka mwenyewe, na kicheko kikiisha machozi huwa yameshafika karibu.

Binti, mwenye umri wa kuanza kujifungia chumbani, alikuwa na adabu tupu. “Shikamoo, mama mdogo. Ahsante, mama mdogo. Nimeshiba, mama mdogo.” Baada ya hapo mlango ukafungwa. Ilikuwa adabu ya mtu aliyefikia hotelini. Mume naye alikuja na vichekesho vya kazini, jinsi bibi fulani alivyoficha meno yake ya bandia ndani ya soksi, na wote watatu wakacheka mezani. Lakini Fundi alipojaribu kumtaja marehemu, ili tu ajue anaishi katika nyumba ya nani, mumewe alipunga mkono kana kwamba anafukuza inzi.

“Ah, yale yalipita, mke wangu. Mimi nimepoa. Tule, chakula kisipoe na chenyewe!”

Wakacheka tena, na habari ikaishia hapo.

Likizo ya majira ya baridi ilipokaribia, mume alitangaza kuwa wangesafiri kwa gari kwenda milimani, kwenye ziwa linaloganda hadi watu wakatembea juu yake. Fundi alifurahi kupita kiasi. Moyoni mwake alikata shauri asilolisema kwa mtu: safari ile ndiyo ingekuwa kipimo. Ndani ya gari hakuna milango ya kujifungia. Ikiwa wangekwenda na kurudi yeye akiwa bado mgeni, basi angeomba arudi kwao kwa heri, kabla moyo haujamkauka.

“Lakini hicho kikoti chako ni cha kuendea sokoni,” mumewe alimwambia. “Huko milimani utaganda kama samaki wa dukani. Kwenye kabati la koridoni mna koti la marehemu. Livae.”

“La marehemu?” Fundi alishtuka. “Una hakika, bwana?”

“Koti ni koti,” alijibu mumewe huku akivaa viatu vya kazini. “Limening'inia humo bure.”

Koti lenyewe lilikuwa la sufu nzito, rangi ya zambarau iliyokolea, bitana yake laini, kola yake pana ya kuinuliwa hadi masikioni. Fundi alipolivaa lilimmeza. Marehemu alikuwa mrefu, mwenye mabega. Yeye alikuwa mfupi, mwembamba. Mikono ikaning'inia, pindo likafika vifundoni. Mtu mwingine angelikunja mikono akanyamaza. Lakini huyu alikuwa mshonaji, na tangu aingie nchi ile hakuwa ameshika kazi yoyote ya maana. Vidole vikaanza kumwasha.

Basi akalitendea koti lile kama alivyofundishwa na bibi yake kulitendea vazi lolote la mtu mwingine kabla ya kulitia mkasi. Alilifua kwanza. Nguo isiyofuliwa, bibi alikuwa akisema, huficha umbo lake. Ukiikata leo, kesho ikilowa itasinyaa ikuaibishe mbele ya mteja. Fundi aliliweka kwenye karai la maji ya vuguvugu, akaisugua kola taratibu kwa sabuni, maana huko ndiko uchafu wa shingo hukaa. Akalisuuza, akalitandaza juu ya taulo bila kulikamua. Lilipokauka akafumua mishono, akapunguza mabega, akakata pindo na mikono, akashona kwa mkono, sindano moja na uzi, mume na binti wakiwa hawapo. Hakuwa amefurahi namna ile tangu aje. Aliimba. Hata jokofu lilinguruma likakosa wa kulijibu.

Asubuhi ya safari alitoka chumbani amelivaa. Lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Alisimama sebuleni akazunguka, akingoja kusifiwa, kama mtoto aliyevalishwa nguo mpya.

Mumewe alikuwa ameinama akifunga begi. Aliinua uso, na kwa kitambo kidogo uso ule haukuwa na mtu ndani yake. Kisha kichekesho kikaja, kama kawaida, ila kilichelewa.

“Eh! Umelipunguza mpaka limekuwa mjukuu wa koti! Limekupendeza, mke wangu. Haya, tushuke, barabara haimngoji mtu.”

 Binti alipita pembeni yake, akashuka ngazi, akaingia kiti cha nyuma, akatia visikizio masikioni.

Wakasafiri. Mji uliisha, viwanda vikaisha, kukabaki mashamba yaliyofunikwa na theluji pande zote mbili na miti isiyo na jani. Magari yaliyowapita yalirusha matope ya barafu kwenye kioo, waipa ikayafuta, yakaja mengine. Fundi alimimina chai kutoka kwenye chupa. Mume akapokea, akashukuru, akarudisha macho barabarani. Fundi akamenya mayai ya kuchemsha, akamnyooshea binti nyuma; binti akatikisa kichwa. Fundi akasifia mlima mmoja uliotokea mbele. “Mh,” akajibu mume. Akauliza kama ziwa liko mbali. “Si mbali sana.” Akakumbushia kisa cha meno ndani ya soksi, akakicheka mwenyewe hadi mwisho, na kikafia hapo hapo kwenye gari.

Kwenye kituo cha mafuta aliingia msalani, akajitazama kwenye kioo. Koti lilikuwa zuri. Mishono ilikuwa imenyooka. “Basi nimekosa nini?” alijiuliza kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa akinawa mikono pembeni alimtazama, akamtabasamia kwa huruma ya mtu asiyeelewa lugha, akatoka.  Kwao, mtu akisema peke yake msalani, yupo atakayemuuliza, “Dada, una nini?” Huku angeweza kusimama pale mpaka theluji iyeyuke.

Alirudi garini akapiga moyo konde.

“Bwana, nimekosea kulikata koti?”

“Aa, wapi!” mumewe alisema, macho yakiwa barabarani. “Si nilikwambia? Koti ni koti.”

“Basi mbona umenuna?”

“Sijanuna. Naendesha. Barabara ina utelezi.”

Barabara kweli ilikuwa na utelezi. Fundi aligeukia dirisha lake. Hapo ndipo alipojiambia, bila hasira, kuwa kipimo kimeshapima. Alianza kuyapanga maneno ambayo angeyasema wakirudi: kwamba hakuna aliyemtenda vibaya, kwamba anawashukuru, kwamba nyumba ile imejaa mtu ambaye hamwoni wala hatajwi, na yeye hana pa kukaa. Aliyapanga vizuri, moja baada ya jingine, na kila alipoyarudia yalimuuma zaidi.

Walifika ziwani alasiri, mwanga ukiwa tayari umeanza kufifia. Palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, na mbele yake ziwa lote likiwa gumu, jeupe, watoto wa watu wakiteleza juu yake kwa viatu vya vyuma na wazazi wao wakiwapigia makofi. Upepo ulikuwa unakata kama wembe. Binti alishuka haraka, akasahau jaketi lake kwenye kiti, akasimama ukingoni akiwatazama wale watoto. Akawa anatetemeka, wala harudi.

Fundi alimtazama. Wazo la kuondoka lilikuwa bado ndani yake, lakini mtoto anayetetemeka ni mtoto anayetetemeka, hata kama si wako na hata kama hakutaki. Alivua koti, akamwendea kwa nyuma, akamfunika mabegani.

“Utaugua, mwanangu,” alimwambia.

Binti hakulikataa. Akalivuta lile koti likamzunguka, na kwa mwendo wa haraka, wa mtu aliyezoea, akainua kola akazamisha pua yake ndani, akafumba macho.

Kisha akayafumbua.

“Umelifua,” alisema.

“Nini, mama?”

“Umelifua! Umelifua kwa sabuni!” Sauti yake ilipanda hadi watu walioko kwenye barafu wakageuka. “Halina kitu! Halinuki kitu! Halina mama!”

Akaangua kilio, si kile cha mtoto wa kudeka, bali kile cha msibani, cha kuinama na kushika tumbo. Fundi alisimama na kijisweta chake kwenye upepo ule. Mumewe alikuja mbio kutoka kwenye gari.

“We binti! Adabu! Hivyo ndivyo unavyosema na mama yako mdogo?” alianza kwa ukali. Ghafla ukali ukamwisha, akauliza kwa sauti ya chini, “Kwani ulikuwa unalinusa?”

“Kila siku,” binti alijibu kati ya kwikwi. “Nikitoka shule, mpaka lilipoondolewa kabatini. Kabla hujarudi. Kwenye kola mlikuwa na mafuta yake ya nywele.”

 Baba mtu, yule aliyekuwa na neno kwa kila mtu, aliyewachekesha wazee waliokaribia kuaga dunia, alirudi nyuma akakaa juu ya boneti ya gari, kwenye matope ya barafu yaliyorukia pale, wala hakuyafuta.

“Na mimi,” alisema. “Usiku, mkishalala. Nafungua kabati, natia uso wangu mle kolani. Ndipo naenda kulala. Siku zote hizi, mwanangu, hadi mama yako mdogo alipolichukua. Nilidhani ni mimi peke yangu.”

“Nami nilidhani ni mimi peke yangu,” alisema binti.

Hapo mwanamume yule akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mbele ya watu wa nchi za watu na watoto wao wenye viatu vya vyuma. Fundi alikuwa hajawahi kumwona akilia, na kwa jinsi binti alivyomtazama baba yake, ilionekana kuwa hata yeye hajawahi.

Lakini Fundi naye alikuwa na roho, na roho yake ilikuwa imebanwa muda mrefu.

“Kwa nini hamkuniambia?” alipaza sauti, meno yakigongana kwa baridi. “Wewe ndiye uliyenipa! Nilikuuliza una hakika, ukaniambia koti ni koti! Leo njiani nimekuuliza tena, ukaniambia barabara ina utelezi! Mimi si mpiga ramli, bwana. Sisomi mioyo ya watu iliyofungiwa kabatini. Ningejua, nisingelitia hata ncha ya sindano. Ningelikunja kama msahafu nikaliweka juu!”

“Sikukudanganya, mke wangu,” alisema mumewe, akijipangusa uso kwa kiganja. “Wallahi sikukudanganya. Wote walinipongeza nimepoa, nikajiona nimepoa. Nilipokupa koti nilijua utalivaa, sikujua utalifua. Asubuhi ulipotoka chumbani, umbo lake lililokatwa lilinishtua tu, halikuniuma. Ulipokaa kando yangu garini nikasikia harufu ya sabuni. Hapo ndipo niliposikia kitu kinachanika humu, nikaona aibu. Mtu mzima mzima, nalilia harufu. Ningekuambiaje?”

“Hivyo hivyo ulivyoniambia sasa.”

 Upepo ulivuma. Binti alilivua lile koti polepole, akamkabidhi baba yake bila kumtazama Fundi. Fundi akajua limekwenda. Litarudi kabatini, na yeye atarudi kwao. Aliyakumbuka maneno aliyoyapanga.

“Nilitaka kusubiri tufike nyumbani,” alisema, “lakini bora niseme. Naomba nirudi kwa dada yangu. Si kwa ubaya.”

“Kwa sababu ya koti?”

“Kwa sababu ya kimya. Nimeongea na jokofu, bwana, mpaka nimechoka nalo. Mnanichekesha, mnanishukuru, mnanisalimia, na kila mmoja wenu akishanishukuru anaufunga mlango. Mnaniona nacheka mezani, mkadhani nimezoea. Sijazoea hata kidogo. Upweke unanitafuna, na mimi ndiye ninayejibu simu za kwetu nikisema sijambo, sijambo, mambo safi.”

Mumewe alimtazama, na safari hii macho yake yalikaa juu yake. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwainamia wagonjwa na kuwauliza panapouma. Mke wake mwenyewe ndiye asiyewahi kuulizwa, kwani hakuwahi kuonekana kama anaumwa. Aliondoka kwenye boneti, akalikung'uta koti, akamvisha Fundi mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyowavisha wazee wake.

“Usinivishe,” Fundi alisema huku akilia. “Si langu. Nimeshaliharibu.”

“Mwenye koti amekufa,” alisema mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo lilivyo, bila kulizungusha. “Amekufa, na sabuni au bila sabuni harufu ile ingeisha tu. Wewe u hai. Usinifie kwa baridi.”

Binti alikuwa amesimama kando, kamasi na machozi vimechanganyika. Aliposikia baba yake akisema amekufa, aliinamisha kichwa. Halafu akalitwaa jaketi lake garini akalivaa, akasogea, akasimama upande wa pili wa Fundi, akajikinga upepo.

“Mafuta yenyewe yalikuwa yananuka vibaya,” alisema kwa sauti ndogo. “Mama alikuwa anayachanganya mwenyewe jikoni.”

“Yalikuwa yananuka vibaya sana,” baba yake alikubali, na kicheko kilichomtoka kilikuwa nusu kilio.

“Alikuwa mtu wa namna gani?” Fundi aliuliza.

Wakatazamana baba na mwana, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze. Akaanza binti. Akasimulia pale pale kwenye ule uwanja wa magari, na baba akamsahihisha, na binti akabisha, na giza likaingia juu ya ziwa hadi watoto wa barafuni wakaitwa na wazazi wao. Fundi alisikiliza. Hadithi ile haikuwa yake wala yeye hakuwamo ndani yake, na bado ilimuuma kubaki nje peke yake. Lakini angalau sasa aliijua nyumba alimoolewa, na waliomo waliijua hali yake. Kurudi kwao hakukutajwa tena jioni ile, wala hakukufutwa. Mumewe alimwambia tu, “Nipe muda nikae nawe kama mtu anayeumwa, si kama mtu aliyepona.” Naye Fundi akamjibu, “Basi na mimi nipe nafasi hiyo hiyo.”

Wakaingia garini, wote watatu macho yakiwa yamevimba, bila kichekesho hata kimoja. Naam, mwenye kovu usidhani kapoa, hata kama mwenye kovu hilo ni wewe mwenyewe.